Re: Gari la kwanza hapa Uingereza: gia za mkono au otomatiki, na toleo gani?

Kutoka: Reading

Shikamooni wakubwa, na wenzangu hamjambo.

Mimi ni mgeni, nimekuja kwa kazi ya uuguzi wa kutembelea wagonjwa majumbani, na mwajiri anataka niwe na gari langu kabla ya baridi kuingia. Leseni ya Kenya ninayo. Mombasa nimeendesha gia za mkono miaka yote, lakini hapa kila ninayemuuliza ananiambia otomatiki tu. Nimeipenda Toyota Aygo X mpya. Muuzaji naye anasisitiza nipande toleo la juu kabisa, eti tofauti ya malipo ya mwezi ni ya kikombe cha kahawa. Nifuate ushauri wake? Na siku ya kurudi nyumbani, gari kama hilo linasafirishika?

Kutoka: Coventry

Marahaba dada, karibu sana.

Mimi ni fundi, kwa hiyo nivumilie nikirefusha. Tuanze na leseni, gari baadaye. Leseni ya Kenya utaitumia miezi 12 tangu uwe mkazi hapa, kisha basi. Kenya, Tanzania na Uganda hazimo kwenye orodha ya nchi ambazo leseni zake hubadilishwa bila mtihani. Kwa hiyo kuna mtihani wa nadharia na wa barabarani unakungoja, na tarehe za barabarani zinagombaniwa sehemu nyingi. Omba leseni ya mwanafunzi wiki hii hii, usingoje miezi iishe.

Ukifaulu kwa gari la otomatiki, unaruhusiwa otomatiki peke yake. Ukifaulu kwa gia za mkono, unaendesha yote mawili. Wewe klachi unaijua tayari, sasa kwa nini ujifungie mlango? Fanya mtihani kwa gia za mkono, halafu nunua otomatiki. Iko siku utataka zamu ya ziada ya kusambaza mizigo, na vani nyingi zilizoko barabarani zingali na klachi.

Kuhusu Aygo X, angalia usichanganye mbili. Ile iliyokuwa ikiuzwa hadi juzi ina injini ya lita 1.0, silinda tatu, nguvu za farasi 72, na unachagua gia tano za mkono au CVT, aina ya otomatiki. Mpya ni haibridi tu, yaani injini ya petroli ikisaidiwa na mota za umeme. Wamechukua mtambo wa lita 1.5 wa Yaris, farasi 116, wakarefusha pua ya gari milimita 76 ili injini ienee. Gia za mkono hakuna tena. Ile ya zamani kwenye mlima wa barabara kuu, na wewe umejaza vifaa nyuma, utaionea huruma. Hii mpya inapanda.

Watu wakisikia "CVT" wanakimbia, na wana sababu, ila si kila CVT ni ile ile. CVT ya kawaida ina mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili. Mkanda ukianza kuteleza, bili yake inaweza kukaribia thamani ya gari lenyewe. Haibridi ya Toyota haina huo mkanda. Ndani mna seti ya gia zinazozungukana na mota mbili za umeme, na kompyuta ndiyo inayoamua nani asukume kiasi gani. Hakuna klachi ya kuungua. Stata ya kawaida haipo, alternata haipo. Kelele itapanda ukikanyaga mafuta ghafla, hiyo ndiyo tabia yake, usidhani imeharibika.

Otomatiki ninazoziogopa mimi ni za klachi mbili kavu, zisizooga kwenye oili, kwenye magari ya mitumba. Ford waliweka PowerShift ya aina hiyo kwenye Fiesta na Focus, na mwaka 2018 mahakama ya Australia iliwatoza faini ya dola milioni 10 za huko kwa jinsi walivyowatendea wateja waliolalamika. Volkswagen nao, mwaka 2013, waliita magari zaidi ya milioni moja na nusu duniani yarudishwe gereji kwa ajili ya sanduku lao la gia saba. Za klachi mbili zinazooga kwenye oili ni afadhali, mradi oili imebadilishwa.

Ukienda kuangalia mtumba wa otomatiki, mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika, uone linavyoamka likiwa baridi. Kisha liendeshe mpaka lipate moto hasa, dakika 20 mjini. Tafuta mlima mdogo, simama, weka D, achia breki polepole bila kugusa mafuta. Likitetemeka kama kuku aliyelowa, au likirudi nyuma kisha ghafla lijirushe mbele, mrudishie ufunguo. Rudia kwa gia ya nyuma. Mwisho omba karatasi za sevisi, utafute mahali palipoandikwa oili ya gia. Akikwambia "oili hii haibadilishwi maisha", ni maisha ya nani anayoyasema?

Kutoka: Milton Keynes

Wakuu, mnamzeesha dada wa watu kabla ya wakati! Haibridi, sevisi, oili... na raha ya kuendesha je?

Gia za mkono zinakufa mbele ya macho yetu. Fiesta ilikoma Julai 2023. Focus ikafuata Novemba 2025. Golf GTI tangu ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2024 haina tena mti wa gia. Hata GR Yaris, gari la wendawazimu kama sisi, sasa inakuja pia na otomatiki ya gia nane. Na Honda wamerudisha Prelude, wote tukaruka kwa furaha, kumbe ni haibridi yenye kitufe cha S+ kinachoigiza gia nane! Gia hazipo, ila unasikia zinabadilika. Nimecheka, lakini kuijaribu nitaijaribu.

Dada, kama unataka gari jipya dogo, la bei ya chini, lenye klachi, Suzuki Swift na Dacia Sandero bado yapo. Sandero ina matoleo matatu: Essential, Expression na Journey. Chukua la katikati, hutajuta. Injini yake ya lita 1.0 huendesha valvu kwa cheni, si ule mkanda unaoloa oili uliowatesa wenye injini za EcoBoost za Ford na PureTech za Peugeot na Citroën.

Kutoka: Leicester

Mwanangu wa Milton Keynes, wewe huna watoto wa kupeleka shule. Tulia.

Binti yangu wa Reading, hapa gharama za mwezi haziishii kwenye bei ya gari. Kwa miaka mingi magari yamekuwa yakipangwa katika makundi ya bima 1 hadi 50, na modeli ile ile inaweza kuruka makundi kadhaa kwa sababu ya injini na toleo. Wewe ni mgeni, huna historia ya bima hapa, utaumia. Kabla ya kusaini chochote, chukua namba ya gari, ingia kwenye tovuti za kulinganisha bima, weka toleo la chini kisha toleo la juu, uone mwenyewe. Na utaje kwamba ni kwa kazi ya kuzunguka kwa wagonjwa. Bima ya kwenda kazini na kurudi pekee haitoshi, na siku ya ajali ndipo watakapotafuta sababu ya kukataa kulipa.

Kwa wenye familia kubwa wanaosubiri RAV4 mpya: haibridi tu, ama ya kuchaji ama ya kawaida, na toleo la juu lina mtego wake. Gari kama hilo ambalo bei yake rasmi inapita pauni 40,000, pamoja na vikorombwezo vyote ulivyoongeza, linatozwa kodi ya ziada kila mwaka kwa miaka mitano kuanzia mwaka wa pili. Kwa viwango vya Aprili 2025 ilikuwa pauni 425 juu ya zile 195 za kawaida. Na wanatazama bei rasmi, si bei uliyopunguziwa. Rangi ya lulu na paa la kioo vinaweza kukuvusha mstari huo.

Umeme je? Nissan Leaf mpya inatengenezwa hapa hapa Sunderland, serikali inatoa ruzuku ya hadi pauni 3,750 kwa magari ya bei hadi 37,000, na sanduku la gia la kukuumiza kichwa halipo. Lakini ukikaa fleti bila mahali pa kuchaji, utalipa VAT asilimia 20 kwenye mashine za barabarani wakati mwenye nyumba yake analipa 5. Nyumba kwanza, gari la umeme baadaye.

Kutoka: Coventry

Mama amemaliza. Niongeze moja tu la matoleo, kwa sababu huyo muuzaji wa kahawa amenikera.

Chukua Corolla. Icon, la chini, lina rimu za inchi 16 na tairi 205/55, saizi unayoipata kila duka, hapa na Mombasa. Ukipanda hadi Excel ni inchi 18, tairi nyembamba kama kanda, na shimo moja la barabara baada ya mvua linachukua tairi na rimu pamoja. Injini ile ile ya 1.8, sanduku lile lile la gia. Aygo X nayo ina tairi za saizi isiyo ya kawaida, nyembamba kwa rimu kubwa, kwa hiyo uliza bei yake kabla ya kununua. Kitu ambacho mimi ningelipia zaidi ni viti vyenye joto na sensa za kuegesha. Kwa kazi yako, saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa Januari, utanikumbuka.

Kusafirisha Kenya: usukani kulia tunao, hilo tumelishinda. Gari lisizidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na lipite ukaguzi kabla ya kupanda meli. Ukitaka msamaha wa ushuru wa mkazi anayerudi, uwe umeishi nje angalau miaka miwili na gari umelimiliki na kulitumia huku angalau siku 90. Mafundi wa nyumbani wamekwisha kuzoea haibridi za Toyota kwa sababu ya Aqua na Fielder. Sandero ya bwana wa Milton Keynes, spea utazitafuta kwa tochi.

Kutoka: Reading

Asanteni sana, Mungu awabariki. Fomu ya leseni nimeijaza jana usiku. Nimelinganisha bima: toleo la juu limenipandisha kuliko hiyo kahawa, kwa hiyo natafuta Yaris Icon haibridi ya mtumba badala ya kuingia mkataba wa gari jipya. Mtihani nitafanya kwa gia za mkono.

Sasa nani anamjua mwalimu mwenye gari la klachi upande wa Reading au Slough? Wote niliowapigia wana otomatiki. Niko zamu za usiku Jumatano na Alhamisi, asubuhi nyingine niko huru.