Roho kuitwa "umbo" la mwili: ina maana gani?

MkatekumeniTmk
Wakuu, habari za jioni. Niko darasa la ukatekumeni, yaani maandalizi ya ubatizo, parokia moja ya Kikatoliki hapa Dar. Katekista alisema roho ni umbo la mwili. Jumapili hii tumefika kwenye ubatizo, tukaambiwa maji ndiyo maada na maneno ndiyo umbo. Mimi umbo nalijua kama sura ya kitu: meza ukiipasua, umbo lake limekwisha. Sasa mwili ukioza roho inabakije? Na maneno yana umbo gani?

Kibatari
Weka kando sura ya nje, mkuu. Kwa Aristotle, umbo ndilo linalokifanya kitu kiwe hicho kilivyo. Maada, yaani kile ambacho kitu kimefanyizwa nacho, ndiyo inayolipokea. Mfano wake ni jicho: jicho la sanamu ni jicho kwa jina tu, maana halioni. Vivyo hivyo roho ndiyo inayofanya nyama na mifupa viwe mwili wa mtu. Mtaguso wa Vienne (1311–1312), yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ulilitamka hilo rasmi, kwa hiyo katekista wako hajajitungia.

Hapo kwenye kuoza ndipo penye kazi. Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, analipima umbo kwa utendaji wake. Umbo la meza halitendi lolote nje ya mbao, basi linakwenda nazo. Roho ya mbuzi inaona kwa jicho na kusikia kwa sikio, nayo inakoma viungo vikikoma. Binadamu anaelewa pembetatu kwa jumla, si hii tu iliyochorwa ubaoni, na kwa Thomas kuelewa huko hakufanywi na kiungo chochote cha mwili. Chenye utendaji wake chenyewe kina na uwepo wake chenyewe. Ndiyo maana roho ya mtu inabaki.

Mzee wa Hoja
Sawa, ila usiishie hapo, atadhani roho ikitoka ndiyo mtu mzima kaondoka. Hiyo ni Plato. Thomas akifafanua 1 Wakorintho 15 anasema wazi: roho yangu si mimi. Roho bila mwili ni umbo lililokosa maada yake; ipo, lakini si mtu kamili. Ukiondoa ufufuko wa mwili, fundisho lote linapwaya.

Halafu wanafalsafa Wakristo hawakukubaliana wote. Kwa Thomas mtu ana umbo moja tu, hivyo maiti kwake si mwili uleule tena. Duns Scotus, mwanateolojia aliyemfuata baadaye, aliweka umbo jingine, la umwili, linalobaki hata baada ya kifo. Waliofuata njia hiyo waliwatupia wafuasi wa Thomas swali gumu: mwili wa Kristo kaburini ulikuwa uleule au la?

Sakristia
Nijibu la maneno. Maji yanaweza kuosha, kupoza, kukata kiu. Maneno ndiyo yanayoamua kwamba hapa yanabatiza. Kwa maana hiyo yanaitwa umbo. Mtaguso wa Firenze (1439) ulitaja vitatu: maada, umbo, na mhudumu mwenye nia ya kutenda litendalo Kanisa.

Kwa vitendo: maji ya kweli, ya bomba, ya kisima, hata ya bahari pale Coco Beach. Maziwa au juisi hapana. Yatiririke kichwani, si kulowesha nywele tu. Humwagwa mara tatu. Anayemwaga ndiye anayesema, na kwa wakati uleule: "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Mmoja akimwaga na mwingine akasema, hapo pameharibika. Hata "Tunakubatiza" inabatilisha: Vatikano ilijibu hivyo mwaka 2020, na aliyepewa huo anabatizwa kabisa, bila "kama". Ile "Kama hujabatizwa, nakubatiza…" ni ya penye shaka ya kweli tu, si ya kujihami.

MkatekumeniTmk
Asanteni sana. Na "maumbo ya mkate na divai" kwenye Ekaristi je?

Sakristia
Hapo usichanganye, ni karibu kinyume. Maumbo hayo ni yale yanayopokelewa na milango ya fahamu: rangi, ladha, harufu. Hayo yanabaki; kinachogeuka ni kile mkate ulicho.