Tupeane uzoefu: unaipasuaje 4294967297?

Mwanzisha mada: Ni 2^32 + 1. Fermat aliamini kila namba ya umbo 2^(2^n) + 1 ni tasa, na kweli 3, 5, 17, 257 na 65537 ni tasa. Hii inayofuata ndiyo iliyomwangusha: mwaka 1732 Euler alionyesha ni 641 × 6700417. Leteni njia zenu na pale zinapokwama. "Nimeiweka kwenye programu ikanipa jibu" haihesabiki.

BakiSifuri: Usianze na 7, 11, 13. Kipeuo cha pili ni 65536 na ushee, utachoka bure. Tumia sharti la Lucas la 1878: kigawo tasa lazima kiwe 128k + 1. Yaani 129, 257, 385, 513, 641. Za 129, 385 na 513 si tasa, zitupe. 257 nayo haihitaji kugawa: 3 × 5 × 17 × 257 × 65537 = 4294967295, pungufu ya yetu kwa 2, hivyo inabakiza 2. Ugawaji wako wa kwanza kabisa unakuwa wa 641! Ukishika sharti la Euler la 64k + 1, una 193, 449 na 577 za kupitia kwanza.

Witiri: Hata huo mmoja si lazima. 641 = 5 × 2^7 + 1, na pia 641 = 5^4 + 2^4. Ukihesabu mabaki ya 641 (kinachobaki ukigawa kwa 641), 5 × 2^7 ni sawa na -1. Pandisha kipeo cha 4: 5^4 × 2^28 inakuwa 1. Lakini 5^4 ni sawa na -2^4, kwa hiyo -2^32 ni 1, na 2^32 + 1 ni 0. Wengi huteleza kwenye alama ya kutoa: kipeo cha 4 kinaifuta ya kwanza, ya pili inabaki.

BakiSifuri: Na msiiache 6700417 njiani. Kigawo chake ni kigawo cha namba nzima, kwa hiyo sharti ni lilelile. Kipeuo ni 2588 na ushee. Tasa za 128k + 1 chini ya hapo ni 257, 641, 769, 1153 na 1409. Mabaki: 170, 44, 120, 334, 622. Hakuna sifuri, basi ni tasa.

Biti32: Wanaoandika programu, angalieni ukubwa wa namba. Kwenye biti 32 namba hii inageuka 1. Biti 64 inaibeba, ila mraba wa 2^32 ni 2^64, nao unageuka 0. Kingine: jaribio la Fermat kwa msingi wa 2 (ukipandisha 2 kwa kipeo cha namba pungufu ya 1 kisha ukagawa kwa namba hiyo, tasa witiri hubakiza 1) linadanganywa hapa. 2^32 inabakiza -1, 2^64 inabakiza 1, na kipeo 4294967296 kinagawanyika kwa 64, hivyo jibu ni 1 kana kwamba ni tasa. Weka msingi wa 3, itaumbuka.

Witiri: Njia ya miraba pia ipo: namba yetu ni 65536² + 1², na pia ni 62264² + 20449². Namba witiri inayopatikana kwa kujumlisha jozi mbili tofauti za miraba haiwezi kuwa tasa. Ila kuisaka hiyo jozi ya pili bila kujua vigawo ni kazi kuliko kugawa kwenyewe.