Nebulaiza au inhela na speisa kwa mtoto? Nataka kununua wikiendi hii

Mama Pacha
Wakuu habari zenu. Mwanangu kifua kinambana kila mara, usiku ndo balaa, kinapiga miluzi mpaka mi nakaa macho. Daktari kasema tuwe na dawa ya kuvuta nyumbani. Sasa kuna mashine ya nebulaiza inayogeuza dawa kuwa ukungu wa kuvuta, na kuna inhela, kile kichupa cha kupuliza, yenye speisa, kile chombo kinachokaa kati ya inhela na mdomo, nichukue ipi? Shemeji anasema mashine ndo yenye nguvu.

Kalamu Nyekundu
Umri? Ana pumu imethibitishwa au ni miluzi tu akishikwa na mafua? Na dawa ipi, ya bluu ya kutuliza au ile ya kukinga ya kila siku? Bila hayo tutapiga ramli tu hapa.

Baba Wawili
Nebulaiza, mjadala ufungwe. Unamvalisha barakoa anaangalia katuni, dakika kumi imeisha. Speisa mtoto anakurukia kama unamnyonga.

Nesi wa Zamu
Baba Wawili hapana. Kifua kikibana kidogo au wastani, inhela kwenye speisa inafanya kazi sawa na mashine, tena moyo hauendi mbio sana. Shida watu wanapuliza nne mfululizo ndo wanamwambia vuta. Tikisa, puliza moja, apumue kawaida mara tano sita, tikisa tena ndo uende ya pili. Barakoa ikae vizuri puani na mdomoni, hewa isitoroke pembeni. Akiwa analia mbembeleze kwanza maana dawa haifiki mapafuni. Na speisa ya plastiki ioshe kwa maji na sabuni iache ikauke yenyewe, ukiisugua na kitambaa dawa inanata humo humo ndani.

Mama Pacha
Samahani nilisahau, ana miaka miwili na nusu. Pumu hajapimwa. Tulipewa ya bluu.

Babu Kofia
Mama Pacha ngoja nikupe yangu. Mjukuu wangu alipiga miluzi miezi mitatu, wakasema pumu, tukanunua mashine, tukavutisha asubuhi na jioni, nafuu hakuna. Kila tukirudi hospitali wanatuongezea dawa. Siku moja daktari mwingine kijana tu akaweka kipima kifua mgongoni kushoto, akahamia kulia, akarudi kushoto, akakaa kimya halafu akauliza, huyu alishawahi kupaliwa? Mama yake ndo anakumbuka, eti kweli, siku moja alikohoa sana akichezea kalamu. Miluzi ilikua upande mmoja tu! Wakamlaza, wakapitisha kamera kwenye njia ya hewa, wakatoa kakifuniko ka kalamu kadogo kama kidole chake cha mwisho. Mashine mpaka leo iko juu ya kabati.

Baba Wawili
Ndo maana nasema nendeni moja kwa moja kwa bingwa wa mapafu ya watoto, hawa wa kawaida wanabahatisha.

Kalamu Nyekundu
Bingwa naye kwa umri huo atamfanyia nini? Kile kipimo cha kupuliza mashineni wengi hawakiwezi mpaka miaka mitano sita. Aanze na daktari wa watoto, akiona haeleweki au mtoto haongezeki uzito atampeleka mwenyewe.

Baba Wawili
Kwa hiyo asubiri miaka mitatu??

Kalamu Nyekundu
Nani kasema asubiri, soma tena nilichoandika.

Nesi wa Zamu
Mkimaliza kugombana: akitulia mhesabie pumzi dakika nzima. Umri wake zikifika 40 na kuendelea, au nyama chini ya mbavu zinaingia ndani akivuta hewa, usihangaike na vifaa, kimbia hospitali. Halafu nyumbani nani anavuta sigara?

Mama Pacha
Baba yake ila anavutia nje

Nesi wa Zamu
Moshi anarudi nao kwenye shati.

Mama Pacha
Mmh akisoma hii leo hatulali. Na paka je?

Kijana wa Juzi
Paka usimguse ana kosa gani 😂 Nina nebulaiza imetumika mara tatu tu, nani anaitaka anicheki

Babu Kofia
Na mimi nina ya kwangu juu ya kabati.