Tupeane uzoefu: Wakristo, mnakeshaje kiroho Desemba hii?

Shalom wapendwa. Majilio, majuma ya kuisubiri Krismasi, ndiyo hayo, na mabasi ya Moshi yameshaanza kujaa. Katika Luka 21:34 Bwana Yesu anataja vitu vitatu vinavyolemea moyo: ulafi, ulevi na masumbufu ya maisha haya. Mimbarani tunakemewa sana hicho cha pili. Mimi naona cha tatu ndicho kinachotumaliza: nguo za watoto, nauli, mchango wa ng'ombe wa ukoo, na ada ya Januari inasubiri. Mtu anafika Krismasi hajasali wiki nzima, wala pombe hajaonja. Kwetu bajeti tunaifunga Novemba. Na jioni tunasoma Neno kabla chakula hakijatengwa, maana kikishatengwa hakuna anayesikiliza. Nyie mnafanyaje?

*Kaka wa Rombo:*
Amina. Kihambani kwetu, kwenye shamba la ukoo, mgeni wa Desemba anapokelewa kwa mbege, pombe ya ndizi, na kuikataa mbele ya wazee si jambo dogo. Kabla ya safari nampigia baba mdogo, namweleza kwa heshima. Nikifika, napokea kata ya mbege kwa mikono miwili, nampa mzee aliye jirani yangu, mimi naletewa chai. Hakuna aliyewahi kusema najidai.

*Mama wa Arusha:*
Niwasemee akina mama. Tarehe 25 wenzetu wako ibadani, sisi tuko jikoni, moshi machoni, sufuria ya pilau haijakaa sawa mafigani. Wanarudi wanakula, ujumbe sisi tumeukosa kila mwaka. Martha aliambiwa na Yesu kuwa anasumbuka kwa vitu vingi, lakini na chakula lazima kiive! Nilikaa na mama mkwe tukakubaliana: nyama inachemshwa usiku, tukitoka kwenye ibada ya mkesha. Mchele unachambuliwa mapema, vitunguu wanamenya vijana wa kiume. Asubuhi nyumba nzima kanisani, pilau linapikwa tukirudi. Tunakula saa tisa alasiri, na mama mkwe mwenyewe ndiye anayewatuliza wenye njaa.

*Muuguzi, Dodoma:*
Mimi niko zamu wodi ya wazazi usiku wa tarehe 24. Nasoma Zaburi kwenye simu kabla ya kuingia. Mniombee.

*Mwanzisha mada:*
Dada wa zamu, tunakuombea, wewe na akina mama watakaojifungua usiku huo. Mama wa Arusha, la vijana na vitunguu nalichukua. Kaka, na mzee akikusisitiza unamjibuje? Mwanangu anakwenda Rombo mwaka huu.