FUNDI WA KICHANA AMENIUA REDIO HALAFU AKANIDAI 200

Waya_ya_Mabati (Nakuru), saa 11:52 jioni

Naandika mkono ukitetemeka, kwa hivyo makosa ya herufi mnivumilie. Mnamjua. Simtaji jina na sina haja. Yule fundi wa simu pale karibu na steji, kibanda cha buluu, mwenye spika inayoimba kuanzia alfajiri kama ana ugomvi na majirani. Mwenye kichana kimechomekwa nywele za nyuma kama bendera. Huyo huyo.

Nina karedio kangu ka masafa mafupi, kale kenye chipu ya Si4732, kile kipande kidogo kinachopokea mawimbi. Nimekafungia waya wa mita ishirini kutoka pembe ya mabati hadi kwenye mgrevilea wa jirani, na usiku nasikiliza mita 40, masafa ya watu wanaoongea wenyewe kwa redio za nyumbani. Wiki iliyopita nilisikia mtu wa 5Z4, alama ya wanaredio wa hapa hapa Kenya, akiongea na Mwitaliano, nikakosa usingizi kwa furaha. Sasa hii Januari yetu mnaijua, upepo mkavu, vumbi hadi kwenye uji. Wanasema hata jina la mji kwa Kimaasai ni mahali pa vumbi. Vumbi hilo likipiga waya mrefu siku nzima, waya unajaa chaji kama chupa. Ukiushika unakuchapa tik.

Nikasema kabla haijatokea ajali, nikakinge. Nikanunua daiodi mbili za 1N4148, vile vipande vinavyopitisha stima upande mmoja tu, moja iangalie juu nyingine iangalie chini, kati ya antena na ardhi, pamoja na rezista ya megaohm 1 ya kumwaga chaji polepole. Kila kitu nilikuwa nacho mfukoni kwenye kipakiti. Chuma changu cha solda ndicho kimekufa ncha. Kazi ya dakika tatu! Risasi ya kulehemia nilikuwa nayo pia! Nilichohitaji ni chuma chake tu!

Akaangalia kipakiti, akaangalia redio, akaniangalia mimi. Akaita wateja. AKAITA WATEJA. "Njooni muone, huyu mzee anataka kuivisha redio sweta."

Hapo ningeondoka. Najua. Msiniambie.

Nikamweleza kwa upole, boss, stima tuli inatoboa mlango wa chipu. Akacheka hadi mama wa mandazi akaacha karai. Kisha, nawaapia, akachomoa kile kichana, akachana nywele mara mbili, taratibu, kama yuko kwenye runinga, akakigusisha kwenye ncha ya antena.

Tik.

Akasema: "Umeona? Hakuna kitu."

Na kweli hapakuwa na kitu! Mita 40 kimya. Mita 31 kimya. Hata ule mvumo wa angani hakuna, ni kama umeweka sikio kwenye tofali. "Umeona? Hakuna kitu." Nimeona, ndugu yangu, nimeona! Nikamwambia ameiua. Unajua alifanya nini? Akabonyeza FM. FM ikaimba, maana ile inaingilia mguu mwingine wa chipu. Watu WAKAPIGA MAKOFI. Nimesimama pale nimeshika maiti, na mama wa mandazi anapiga makofi.

Halafu akasema 200 za kuangalia.

Kuangalia nini? KICHANA?

---

Ganda_la_Ndizi, saa 12:01

Pole mzee. Ila swali dogo: ulilipa?

Waya_ya_Mabati, saa 12:03

Nililipa 150.

Ganda_la_Ndizi, saa 12:03

😂😂😂 Umelipia mazishi na ukaombewa punguzo.

Mulembe_FM_haipo (Kakamega), saa 12:09

Kwa nini mtu ana simu yenye bando halafu anafunga waya mita ishirini kwenye mti wa jirani? Jirani anajua?

Waya_ya_Mabati, saa 12:10

Jirani anajua. Tusitoke kwenye mada. AKACHANA NYWELE MARA MBILI.

Risasi60_40 (Eldoret), saa 12:20

Nacheka lakini inauma. Wasioelewa waelewe: kidole kikihisi hiyo tik, hapo ni kama volti 3,000 tayari. Chini ya hapo mkono hausikii chochote, na mlango wa chipu makumi ya volti tu yanatosha kuutoboa. Kwa hivyo mtu anaweza kuua redio bila kujua, aende nyumbani akilaumu betri. Huyu wenu angalau aliua mbele ya mashahidi.

Na wale mnaosema "si kuna kapasita pale mlangoni", kapasita inazuia chaji iliyotulia. Cheche ina kasi, inapita kama boda kwenye jam.

Waya_ya_Mabati, saa 12:22

Asante! Mtu mwenye akili! Sasa nifikirie uso wake akisema "Umeona?"

Nyuki_wa_Antena (Kitale), saa 12:31

Mimi nitasimama na fundi kidogo, mnisamehe. Sisemi kichana. Kichana ni ushenzi. Ila daiodi nazo si dawa ya kila ugonjwa. Hiyo 1N4148 inafunguka kwenye volti 0.6 hivi. Ukiishi chini ya mnara wa kituo chenye nguvu, mawimbi yake yenyewe yanazifungua, vituo vinachanganyika, unasikia muhubiri ndani ya taarabu. Nilizitoa. Nimebaki na rezista na kirija cha gesi cha volti 90, kinachomwaga stima ardhini ikifika hapo.

Risasi60_40, saa 12:34

Kirija peke yake? Kikiamka kwenye volti 90 chipu imeshazikwa. Kirija nje kwenye waya, daiodi ndani mlangoni. Vyote viwili.

Nyuki_wa_Antena, saa 12:36

Chipu yangu ina miaka mitatu. Hai.

Risasi60_40, saa 12:36

Hujakutana na kichana.

Omera_Dunga (Kisumu), saa 12:48

Omera, nyinyi watu wa Nakuru mnalia kichana? Njooni huku. Hii radi ya ziwa ikianza alasiri hata mbwa anaingia chini ya kitanda bila kuitwa. Binamu yangu pale Nyalenda aliweka daiodi mbili akajisifu mtaa mzima. Radi ikapiga nguzo ya tatu kutoka kwao, daiodi hatukuziona tena, hata miguu. Daiodi ni za vumbi na sweta, si za radi. Mawingu yakijaa mimi nachomoa waya nautupa nje dirishani, nakunywa chai.

Ganda_la_Ndizi, saa 12:50

Unautupa nje halafu mtoto wa jirani anaushika?

Omera_Dunga, saa 12:53

Kuna chuma cha ardhi kimezikwa chini ya dirisha, waya unafungwa hapo kwa klipu. Mtoto wa jirani ameniibia klipu mara tatu. MARA TATU. Mama yake nikimwambia anasema mtoto anapenda sayansi.

Mama_Pipeline (Nakuru), saa 1:05 usiku

Nyinyi mnazungumzia mafundi? Kuna fundi wa nguo mtaani kwetu, mnamjua, ana kitambaa changu cha kitenge tangu Krismasi ILE NYINGINE. Jumapili nimemwona mke wake kanisani. Mikono ya kitenge changu. Akaniambia "shikamoo".

Mulembe_FM_haipo, saa 1:06

Ukaitika?

Mama_Pipeline, saa 1:07

Niliitika nikiangalia pindo. Hata hakushona vizuri.

Waya_ya_Mabati, saa 1:09

Jamani uzi ni wa redio.

Ganda_la_Ndizi, saa 1:10

Mzee kwanza tujibu hili: ulienda kwa fundi umevaa nini?

Waya_ya_Mabati, saa 1:12

Jaketi la flisi. Asubuhi ilikuwa baridi. Kwani?

Risasi60_40, saa 1:13

Aiii. Flisi na kichana ni ndugu, ukisugua zinajaza chaji. Na nailoni ni binamu yao.

Ganda_la_Ndizi, saa 1:13

Na redio ulibeba ndani ya nini?

Waya_ya_Mabati, saa 1:16

Mfuko wa nailoni. Najua mnakoelekea. Iliimba asubuhi! Kabla ya kichana iliimba!

Nyuki_wa_Antena, saa 1:18

Iliimba nyumbani. Kule kibandani kabla ya kichana uliwasha?

Waya_ya_Mabati, saa 1:31

Sikuwasha.

Ganda_la_Ndizi, saa 1:31

😂😂😂😂 Fundi aachiliwe huru. Mzee alitembea na maiti mfukoni mwake mwenyewe.

Waya_ya_Mabati, saa 1:33

LAKINI ALIGUSISHA KICHANA! Na akasema "Umeona? Hakuna kitu"! Hata kama!

Mulembe_FM_haipo, saa 1:40

Mimi nilimpa fundi seremala kabati la milango minne. Kaleta la milango mitatu, akasema wa nne "unafunguka kwa ndani".

Mama_Pipeline, saa 1:41

Unafunguka kwa ndani vipi?

Mulembe_FM_haipo, saa 1:42

Ndiyo nilimuuliza hivyo hivyo. Akaingia ndani ya kabati kunionyesha.

Omera_Dunga, saa 1:42

Omera, simama hapo. Akaingia?

Mulembe_FM_haipo, saa 1:43

Akajifungia.

Waya_ya_Mabati, saa 1:44

Kuna mtu ana chipu ya Si4732 ya kuuza? Nakuru mjini. Sikuji na flisi.

Mama_Pipeline, saa 1:44

Subiri kwanza baba, huyu seremala alitoka saa ngapi?