Benchi la zamani la mninga, nichukue au niache?

Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri. Niko Dodoma, kuna mzee jirani anauza benchi lake la zamani, limeungwa kwa tundu na ulimi msumari hata mmoja hamna, anasema mninga, anataka laki na themanini. Zito kweli, tulinyanyua wawili tukahema. Shida mguu mmoja wa nyuma una vitundu, ukigonga unamwaga unga laini kama sembe. Fundi kasema nipake oili chafu yaishe, mi sitaki, wageni watakalia na nguo za kanisani 😅

Nataka likae nje chini ya mwarobaini, na jua la huku na mchwa mnavijua. Sasa huo unga maana yake wadudu bado wapo? Na nje nipake nini kisichochafua nguo?