Fundi wa korona (mashine ya kuchambua mkonge) nataka kuwa mshauri wa biashara, naanzia wapi?

FundiMabawa
Wakuu, salaam. Mimi ni fundi mitambo kwenye kiwanda cha mkonge huku Tanga. Korona naijua kwa mlio tu. Mkataba unakwisha mwezi wa sita na sina hamu ya kuusaini tena. Jani la mkonge linatoa singa, yaani nyuzi, kama asilimia 4 tu ya uzito wake. Visu vikilegea kidogo, singa zinakwenda na maji mferejini, na ofisini hakuna anayeona, kwa sababu ripoti inaandika tani zilizotoka, haiandiki zilizopotea. Hesabu hiyo nimekuwa naiweka mwenyewe kwenye daftari. Meneja nikimwonyesha ananijibu, "Fundi, wewe kaza nati."

Sasa nataka kushauri viwanda vidogo vya hapa mjini: wakamua nazi, wasaga nafaka, wenye maziwa. Ni lazima nikasome MBA, shahada ya uzamili ya biashara? Natoza vipi? Na nani atamlipa mtu wa ovaroli kwa maneno?

Kijana wa Raskazone
Kachukue MBA Mzumbe kwanza. Bila cheti wenye pesa hawakusikilizi.

UmemeChumbageni
Mdogo wangu, mimi nilikuwa fundi umeme, sasa nashauri wenye viwanda na hoteli, na MBA sina. Huyo wa juu hajakosea sana: ukitaka zabuni za mashirika, vyeti wataviuliza. Lakini mwenye mashine ya nazi pale Pongwe hasomi vyeti, anasoma bili.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa ya bili hasa. Mteja mdogo wa TANESCO analipia yuniti. Ukivuka yuniti 7,500 kwa mwezi unaingia kundi la T2, na huko unalipia pia kilele cha mzigo wako, yaani umeme mwingi kabisa uliouvuta kwa mpigo, unaopimwa kwa kVA. Jamaa alikuwa na mashine za barafu na vyumba vya baridi, vyote vinawaka alfajiri kwa mpigo mmoja na pampu. Nikaweka kifaa cha kupimia wiki nzima, nikampangia zamu za kuwasha, hata waya hakununua. Yuniti zilibaki palepale, kilele kikashuka, bili ikashuka nacho. Kwetu mafundi hiyo ni habari ya mzigo. Kwa mwenye mali ni mshahara wa vibarua. Ripoti ilikuwa ukurasa mmoja, shilingi ziko mstari wa kwanza, kVA nimeitupa chini kabisa.

Daftari lako ni kazi ileile, ila ulimpelekea meneja kilo. Zipige kwa bei ya daraja la singa hizo uone kama atakwambia habari za nati.

Unachokosa ni kusoma hesabu za fedha za biashara, na hilo kajifunze kweli, hata kozi fupi. Maana utaitwa mashine imesimama, ufungue, ukute beringi imekufa tangu mwezi uliopita na mwenyewe hana ya kununulia nyingine: bidhaa zote kazikopesha Dar. Hapo spana haikusaidii.

Bei: usitoze kwa saa, watasema ulikuwa unakunywa chai yao. Taja bei ya kazi nzima, nusu mkononi kabla hujaanza. Na usikubali "tutakupa asilimia ya utakachookoa". Mwezi wa tatu utaambiwa bili imeshuka kwa sababu ya mvua.

Mama Maziwa, Duga
Niseme kama mlipaji. Alinijia mshauri mmoja na kompyuta mpakato, akaniandikia mpango wa miaka mitano wenye picha za rangi. Hakuuliza maziwa yangu yanachacha saa ngapi! Nina tangi la kupozea, maziwa ya asubuhi yanafika nyuzi 4 vizuri, ya jioni yanachelewa na wanunuzi wanayakataa. Fundi friji anasema gesi, mwanangu anasema umeme mdogo. Mimi nataka mtu aniambie nitengeneze hili au ninunue lingine. Hilo nitalilipia.

MhasibuNgamiani
Karatasi sasa. TIN (namba ya mlipakodi) unayo ya ajira, nenda TRA useme unaanza biashara. Jina unasajili mtandaoni kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara; leseni ya biashara anza kuulizia halmashauri. Kampuni ikikulipa ada ya ushauri itakata kodi ya zuio ya asilimia 5. Dai cheti chake kila mara, kwa sababu fedha hiyo inahesabiwa kwenye kodi yako ya mwaka. Wengi wanadhani wameibiwa, wananyamaza. Na usiandike "mhandisi mshauri" kwenye kadi kama ERB, bodi ya usajili wa wahandisi, hawajakusajili kwa ngazi hiyo. Kushauri uendeshaji ni jambo moja, kuchora mtambo na kuuwekea sahihi ni jingine.

FundiMabawa
Nawashukuru wote. MBA ingoje, kozi ya hesabu naitafuta.

Mama, shikamoo. Kabla ya gesi na umeme, nataka kujua jioni zinaingia lita ngapi kwa mpigo, na zikiwa na joto gani. Wafugaji wote wakimimina kwa wakati mmoja, hata tangi lisilo na hitilafu linaweza kuelemewa. Nikija Jumamosi wakati wa kupokea, na kipimajoto changu, itafaa? Malipo nusu kabla, kama alivyosema kaka wa Chumbageni.

Mama Maziwa, Duga
Marahaba. Njoo saa kumi na moja, na buti. Nusu utapata, lakini bei yenyewe mbona hujaitaja?